Waliripoti. Kisha?

Kila Novemba ikielekea kuisha tunavaa fulana za rangi ya chungwa kwa siku 16 za kupinga ukatili dhidi ya wanawake, viongozi wanahutubu, na wananchi wanaambiwa wahamasishwe. Wahamasishwe kuhusu nini ambacho hawakijui?

Rebecca Cheptegei, mwanariadha wa Uganda, alikimbia marathoni ya Olimpiki jijini Paris Agosti 2024. Tarehe 1 Septemba, akitoka kanisani, alimwagiwa petroli na kuchomwa moto nyumbani kwake Trans Nzoia, Kenya. Alifariki siku nne baadaye hospitalini Eldoret. Aliyekuwa mpenzi wake, aliyeshukiwa kumchoma, naye akafa kwa majeraha ya moto huohuo. Walikuwa wakizozania shamba. Babake marehemu alieleza kwamba polisi walikuwa wameshaarifiwa. Kwa hiyo jamaa walijua, na serikali iliambiwa.

Miaka mitatu kabla yake, Oktoba 2021, Agnes Tirop, mwanariadha wa Kenya, aliuawa Iten. Mwezi mmoja tu ulikuwa umepita tangu avunje rekodi ya dunia ya kilomita 10 za wanawake pekee huko Ujerumani.

Huku kwetu kwenye riadha, dhuluma hizi mara nyingi zinafuata pesa. Binti anashinda ng'ambo. Mume ndiye kocha, ndiye meneja, na hati ya shamba imeandikwa jina lake. (Wapo waume makocha waungwana, nawajua.) Siku binti anapodai chake, hapo ndipo hatari inapoanza.

Basi tuanzie hapo. Shamba lisajiliwe kwa jina la aliyelitokea jasho, na akaunti ya benki awe nayo mwenyewe. Akiripoti polisi na kupewa nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo, kaka zake wasimwachie karatasi na kurudi shambani. Waende naye kujaziwa P3, ile fomu ya polisi ambayo daktari huandika majeraha, waende naye mahakamani kuomba amri ya ulinzi. Sheria ya Kenya ya mwaka 2015 ya kuwakinga watu na dhuluma za nyumbani inairuhusu. Simu 1195, ya kuomba msaada dhidi ya ukatili wa kijinsia, haitozwi hata senti. Na mzee wa ukoo anayemwambia binti mwenye jicho lililovimba "rudi kwako mkaongee" aulizwe, mbele ya watu, ikiwa yuko tayari kulala kwenye nyumba hiyo usiku wa leo.

Polisi nao? Tarehe 10 Desemba 2024, siku ya mwisho ya zile 16, waliwarushia vitoa machozi waliokuwa wakiandamana Nairobi kupinga mauaji ya wanawake. Polisi haohao ndio hutuhimiza turipoti mapema. Watuonyeshe kwanza mafaili ya walioripoti mapema.