Tunasifu dishi, tunasahau kipokezi

Kila MeerKAT, darubini inayopokea mawimbi ya redio kutoka angani, inapotajwa, picha ni zile zile: madishi 64 meupe kwenye nyika ya Karoo, Afrika Kusini, kila moja na upana wa mita 13.5. Yanapendeza kweli. Lakini dishi linakusanya mawimbi tu. Kinachoyasikia ni kipokezi kidogo kilichopozwa hadi Kelvin 20 hivi, yaani takriban nyuzi 250 chini ya sifuri. Mimi sifa zangu nazipeleka huko.

Kila kitu chenye joto hutoa kelele za redio, amplifaya (kikuza mawimbi kilicho ndani ya kipokezi) ikiwemo, na mawimbi ya galaksi za mbali ni hafifu mno. Amplifaya ya kwanza ndiyo inayoamua karibu kila kitu, kwa sababu zinazofuata hupokea mawimbi ambayo yameshakuzwa. Punguza kelele za mfumo mzima kwa nusu, na ni sawa na kuongeza maradufu eneo la kila dishi: uchunguzi wa saa nne unakwisha kwa saa moja. Kwa MeerKAT hiyo ni tofauti ya madishi 64 na 128!

Ndiyo maana mbunifu wa kipokezi hugombana na kila tone la joto. Chombo kinachobeba kipokezi hutolewa hewa ili joto lisipite. Kisha inakuja kebo. Ya shaba hupitisha mawimbi vizuri, ila nayo huvuta joto la nje hadi ndani. Ya chuma kisichoshika kutu huzuia joto, lakini hupoteza sehemu ya mawimbi, na upotevu wowote kabla ya amplifaya hugeuka kelele. Hakuna jibu la bure hapo. Ni kupima, kukata na kupima tena. Na baridi yenyewe inatokana na gesi ya heliamu inayosukumwa na kompresa usiku na mchana, kwa hiyo mashine lazima ihudumiwe, tena huko huko nyikani.

Vipokezi vya kwanza vya MeerKAT vilibuniwa na kampuni ya Afrika Kusini kwenyewe, EMSS Antennas ya Stellenbosch. Ujuzi huo umebaki barani.

Kenya ni mshirika wa mradi wa SKA (Square Kilometre Array), darubini kubwa ya redio ya kimataifa, barani Afrika, na dishi la zamani la setilaiti pale Longonot limetajwa kwa miaka mingi kuwa linaweza kugeuzwa darubini ya redio. Naomba fedha za mwanzo ziende kwenye karakana yenye pampu za kuondoa hewa, kompresa ya heliamu na mafundi vijana watakaolipwa kukaa nayo miaka kadhaa. Kupaka dishi rangi kunaweza kusubiri.