Zile if za logi zimenichosha

Mwezi uliopita nililetewa faili moja la Java nilipitie. Mistari mia mbili na ushee. Kazi yenyewe, kupokea oda na kukokotoa jumla yake, haikufika hata mistari sabini. Iliyobaki ni logi tupu, yaani mistari ya kuandika kumbukumbu za kile programu inachofanya, na karibu kila logi imejengewa uzio wake, if inayouliza kwanza kama logi imewashwa:

if (log.isDebugEnabled()) {
    log.debug("Oda: " + oda);
}

Nikamuuliza kijana aliyeandika, mbona hivi? "Kaka, si ulituambia logi zisipunguze kasi?" Kweli nilisema. Hilo nilijitakia.

Na hofu yake ina msingi. Ukiandika "Oda: " + oda, Java inayaunganisha maneno hayo kwanza, ndipo inaita debug. Kama DEBUG, ngazi ya logi za kuchunguza matatizo, imezimwa, maneno yanatupwa. Umemenya vitunguu vya wageni wasiokuja. Mara moja si neno, lakini ndani ya lupu inayozunguka mara laki utaisikia.

Ila dawa ipo siku nyingi. Kwenye SLF4J, maktaba ya logi ya Java, kazi ya Ceki Gülcü, yuleyule aliyeanzisha Log4j, nayo maktaba ya logi, unaandika log.debug("Oda: {}", oda), na pale penye {} hapajazwi mpaka DEBUG iwe imewashwa. Mstari mmoja, hakuna uzio. Python nayo ina mtindo huo tangu logging ilipoingia kwenye toleo la 2.3, mwaka 2003: logger.debug("Oda: %s", oda). Siku hizi wengi wanaweka hapo f-string, maneno yanayochomekewa thamani moja kwa moja, kwa kuwa inasomeka vizuri. Inasomeka, lakini inajazwa papo hapo, awepo wa kuisoma asiwepo.

Sasa mtego ulioninasa mimi mwenyewe, miaka kadhaa nyuma:

log.debug("Oda: {}", oda.kwaJson());

Ukiiona ile {} unajua uko salama. Wapi! Java hutekeleza kwanza kila kilichomo ndani ya mabano, ndipo iiite debug. Na hiyo kwaJson(), ya kuigeuza oda kuwa maandishi ya JSON, ilikuwa inapitia bidhaa za kila oda, bidhaa ambazo Hibernate, maktaba inayoiunganisha Java na databesi, ilikuwa bado haijazipakia, kwa hiyo ikawa inakwenda kuzichota kwenye databesi. Oda hamsini, safari hamsini za ziada, kwa ajili ya logi iliyozimwa. Siku mbili nzima tulilaumu mtandao. Tulikuja kuijua tulipowasha logi za SQL, zile za maswali yanayopelekwa kwenye databesi. Logi ikamchongea logi mwenzake.

Kwa hali kama ile natumia lambda, kipande cha kodi kinachosubiri mpaka kiitwe. Log4j 2 inaikubali tangu toleo la 2.4:

log.debug("Oda: {}", () -> oda.kwaJson());

Hapo kwaJson() haiguswi mpaka kuwe na anayeihitaji. SLF4J 2.0 nayo ina njia yake ya atDebug() na addArgument(), ndefu kidogo kuliko ninavyopenda.

Kwa hiyo if zote zifutwe? Karibu zote. Kwenye lupu yenye moto kweli, ambayo umeipima na wala hukuikisia, uliza mara moja nje ya lupu kama DEBUG imewashwa, weka jibu kwenye boolean (ndiyo au hapana), endelea. Lakini mara nyingi logi ya ndani ya lupu haina kazi yoyote. Nani atasoma mistari laki moja ya "nimefika hapa"? Andika mmoja lupu inapoisha: oda ngapi zimepita, ngapi zimekwama, imechukua milisekunde ngapi. Huo ndio utakaoutafuta saa nane za usiku simu ikilia.

Kijana alirudi na faili lake siku ya pili, mistari tisini na kitu. If moja alikuwa ameibakiza, kwenye lupu ya kukokotoa punguzo. Nikamuuliza na hiyo je? Akafungua kompyuta akanionyesha vipimo, yenye if na isiyo na if. Nikaiacha.