Kicheko nacho ni kazi

Kuna mwandishi aliyeihakiki Fright Night, filamu ya kutisha yenye vichekesho ya mwaka 1985, na anasema ina kasoro kwa kuwa haimnyimi mtu usingizi. Hapo simuungi mkono hata kidogo. Tom Holland aliiandika na kuiongoza kama mchezo wa kufurahisha, na mchezo huo kaucheza vizuri mno. Kijana Charley anagundua kuwa jirani yake mpya ni mnyonya damu, hakuna anayemsadiki, basi anamkimbilia Peter Vincent, mzee wa televisheni aliyejipatia jina kwa kuwaua wanyonya damu wa kuigiza. Jina lenyewe ni heshima kwa Peter Cushing na Vincent Price, waigizaji mashuhuri wa filamu za kutisha za zamani! Wapenzi wa filamu za kale wanatabasamu wakilisikia tu.

Roddy McDowall, anayemwigiza Peter Vincent, ndiye roho ya filamu hii. Anapoinua msalaba mara ya kwanza, jirani anamcheka: bila imani, msalaba huo hauna nguvu kwake. Unacheka naye, kisha unamwonea huruma mzee, maana anajua ni kweli. Baadaye, imani ikishamrudia, msalaba unafanya kazi, nami kila mara najikuta nashangilia.

Halafu kuna kifo cha Ed, rafiki wa Charley aliyefanywa mnyonya damu, anayegeuka polepole kutoka mbwa mwitu hadi kuwa kijana tena, huku Peter akimtazama. Hapo sicheki kabisa. Uchungu ule unaingia moyoni kwa sababu tulikuwa tunafurahi dakika chache tu kabla.