Kwa nini nilitandika lami juu ya paa langu bapa

Kila anayejenga nyumba ya paa bapa huuliza swali moja: nipake nini, au nitandike nini, juu ya zege hili ili maji yasipite? Nami niliuliza hivyohivyo. Leo, baada ya kulitengeneza paa langu mara tatu, naamini swali hilo huulizwa mapema mno. Kuna mambo ya paa lenyewe yanayopaswa kumalizwa kwanza, na yasipomalizwa, hakuna bidhaa itakayokusitiri.

Mara ya kwanza tulipaka rangi nyeupe ya kuzuia maji, juu ya zege tupu. Msimu wa kwanza wa mvua ulipita salama. Wa pili, doa la kahawia likachomoza katikati ya dari ya chumba cha kulala. Fundi akapanda juu, akakisia mahali palipo juu ya doa, akapaka tena. Mvua iliyofuata doa likarudi, kubwa zaidi, na watoto wakahamishiwa sebuleni.

Kosa letu lilikuwa kudhani kwamba maji hushuka wima. Yakishapenya kwenye zege hutafuta njia: huambaa na ufa, hufuata bomba la nyaya za umeme, kisha hudondoka mita kadhaa kutoka pale yalipoingilia. Mlango wa maji yetu ulikuwa pembeni kabisa, pale paa linapokutana na ukuta mfupi wa ukingo. Palikuwa na ufa mwembamba kama unywele, na rangi iliyoufunika ilikuwa imekatika.

Ilikatika kwa sababu zege halitulii. Jua likiwaka hutanuka, usiku hunywea. Slabu, yaani bamba la zege la paa, ya urefu wa mita 10, joto lake likipanda kwa nyuzi 30 za Selsiasi, huongezeka urefu kwa takriban milimita 3. Utando wa rangi usiofika hata milimita moja unaambiwa uvutike na kurudi juu ya ufa huo kila siku, mwaka mzima. Sishangai tena kwamba ulishindwa. Rangi za aina hiyo nazipenda kwa kurudisha mwanga wa jua, lakini kuziachia peke yake kazi ya kuzuia maji kwenye slabu yenye nyufa ni kuzionea.

Jambo jingine lililonifumbua macho ni mteremko. Paa bapa halipaswi kuwa bapa kweli. Kanuni inayotumika Uingereza ni kuchora mteremko wa 1 kwa 40, yaani sentimita 2.5 kwa kila mita, ili baada ya makosa ya mikono ya binadamu usipungue 1 kwa 80. Paa letu lilikuwa na mabonde, na siku mbili baada ya mvua, saa 48 zilizokwisha kutimia, bado ungekuta dimbwi. Hebu piga hesabu: maji ya kina cha sentimita 5 juu ya mita moja ya mraba yana uzito wa kilo 50. Dimbwi la mita 20 za mraba ni tani nzima, nayo inalielemea paa na kulibonyeza, na bonde likazidi kuwa bonde. Kwa hiyo fedha za kwanza tulizipeleka kwenye tabaka la saruji na mchanga la kutengeneza mteremko, na kwenye tundu la pili la kutolea maji. Tundu moja likizibwa na majani, paa linageuka bwawa.

Baada ya hapo ndipo uchaguzi ukawa na maana, nami nikachagua karatasi za lami zinazochomelewa kwa moto wa gesi, tabaka mbili. Karatasi hizi kwa kawaida huja katika marobota ya upana wa mita 1 na urefu wa mita 10. Ya juu ina chembe za mawe zinazoikinga na jua, na maungio yake hayaangukii juu ya maungio ya ile ya chini. Kilichonivuta zaidi ni kwamba kazi yake inaonekana kwa macho. Karatasi ikichomelewa vizuri, lami iliyoyeyuka hutoka ukingoni mwa ungio kama uzi mweusi. Ukipita ukakuta uzi umekatika, unamwita fundi pale pale arudie. Na miaka ikipita, ikichanika mahali, fundi mwenye mtungi wa gesi na ujuzi ataibandika kiraka. Nataka nyenzo ambayo nitampata mtu wa kuitengeneza.

Lakini moto huo ni hatari. Kama paa lako ni la mbao, usiuruhusu kabisa. Hapo ningechagua mpira wa kutandika uitwao EPDM, ambao hutengenezwa kwa mapana makubwa kiasi kwamba nyumba ndogo inaweza kufunikwa kwa kipande kimoja bila ungio. Udhaifu wake ni gundi: vumbi kidogo au unyevu kwenye ungio, na umeshaharibu. Mafuta pia huudhuru.

Karatasi za plastiki, ziitwazo PVC na TPO, zina maungio imara sana, maana huunganishwa kwa hewa ya moto, ila zinahitaji mashine na mkono uliozoea. Na PVC isigusane na lami ya zamani, kwani hukakamaa na kupasuka. Mipako mizito ya polyurethane, inayopakwa ikiwa majimaji na kugeuka kama mpira ikikauka, naiona inafaa pale karatasi inapopata shida kukunjika, kama vile kuzunguka mabomba.

Vigae siviungi mkono hapa. Kigae hutegemea maji yakimbie, na juu ya paa bapa maji hutembea.

Haijalishi umechagua nini, msimamie fundi kwenye kingo. Tabaka la kuzuia maji lipande juu ya ukuta angalau sentimita 15, na pembe ya chini ijazwe saruji kwa mshazari ili karatasi isikunjwe kwa pembe kali. Kabla ya yote, hakikisha zege limekauka. Bandika kipande cha nailoni juu yake jioni, ziba kingo zote. Asubuhi ukikuta matone chini yake, subiri. Unyevu ukifungiwa ndani, jua litaugeuza mvuke na karatasi itavimba malengelenge.

Kazi ilipoisha niliomba jambo moja kabla ya malipo ya mwisho, baada ya mhandisi kuthibitisha kwamba slabu ingehimili uzito. Tuliziba matundu ya maji, tukajaza paa sentimita 5, tukaliacha siku mbili. Usiku wa pili nilizunguka kila chumba na tochi, nikipapasa dari kwa kiganja, nikarudia pembe zote za ukingo. Kulikuwa kukavu. Asubuhi tukazibua matundu, na maji yakaondoka yote bila kuacha dimbwi.