Kabla ya semina ya kujitambua, suka pima moja ya ukili

Semina za kujitambua siku hizi ni nyingi. Ukumbi unakodiwa, maji ya chupa yanagawiwa, watu wanaambiwa wafumbe macho wajiulize wao ni nani na wanataka nini maishani. Wakifumbua, wengi wanatoa jibu lile lile alilotoa aliyekaa kiti cha mbele. Hatusemi semina hizo ni upuuzi mtupu. Tunasema swali lenyewe ni zito mno kwa mdomo, na kwamba hapa Bagamoyo na vijiji vyake ipo njia nyepesi zaidi ya kulisogelea: mpe mtu ukindu, yaani majani ya mkindu yaliyokaushwa, akae chini, asuke ukili, ule mkanda unaoshonwa kuwa mkeka, pima moja tu, urefu wa mikono miwili ikinyooshwa.

Mji huu una jina katika sanaa. Chuo cha Sanaa kilianzishwa hapa mwaka 1981, leo ndicho TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, na tamasha lake huleta watu wa kila namna. Tunajivunia. Lakini sifa hiyo imetuachia dhana moja mbaya, kwamba sanaa ni ya walio jukwaani. Mama anayesuka barazani ukimwita msanii anacheka. Kijana wa dukani ukimuuliza kwa nini hachori, atakwambia hana kipaji, mazungumzo yameisha hapo. Ukili haumuulizi mtu kipaji. Unamtaka vidole, subira kidogo, na maamuzi madogo madogo mamia kwa mamia, na kila uamuzi unabaki pale ulipofanywa, unaonekana.

Ukindu kwanza, maana wengi wanaharibikiwa mapema. Kinachotakiwa ni kuti changa la mkindu, lile la katikati ambalo bado halijafunguka. Likishafunguka na kukomaa juani, ukilichana linakatika ovyo. Katika shina moja kata kuti moja, mengine yaache. Ukiling'oa pamoja na moyo wake, shina hilo limekwisha. Tenganisha majani, yaanike juani siku 3 hadi 5, na kila jioni yaingize ndani. Umande wa usiku mmoja unatosha kuyatia madoa ya ukungu, na madoa hayo hayafichwi na rangi yoyote isipokuwa nyeusi. Ndiyo maana mikeka mingine ina nyeusi nyingi kuliko mshonaji alivyopenda!

Rangi ya unga inapatikana sokoni. Chemsha maji lita 3 hivi, tia kijiko cha chakula cha rangi na kijiko cha chumvi, zamisha ukindu wote, geuza dakika 15 hadi 20, kisha suuza mpaka maji yatoke masafi. Sufuria hiyo usiipikie tena. Anika kivulini. Asiyesuuza vya kutosha ndiye ambaye mkeka wake mwekundu unatia doa kanzu ya mgeni.

Baada ya hapo toa uti wa kati wa kila jani, uchane kwa ukucha au sindano upate chane za upana wa milimita 5. Zilingane. Chane zisipolingana, ukili utapinda, na hakuna namna ya kuunyoosha wakati wa kushona. Zilowanishe kidogo tu, uzifunge kwenye kitambaa kibichi nusu saa. Chane kavu inapasuka kwenye kona. Iliyolowa sana inasukika vizuri, inapendeza, halafu ikikauka inasinyaa na ukili mzima unaacha matundu. Mtu anadhani amekosea kusuka kumbe alikosea maji.

Anayeanza aanze na chane 7. Funga ncha kwa uzi, gawa 4 kushoto na 3 kulia. Shika ya pembeni kabisa upande wenye 4, ilete kati: juu ya moja, chini ya moja, juu ya moja. Sasa kulia kuna 4. Fanya hivyo hivyo kutoka kulia. Ni hayo tu mpaka mwisho, na kila ukigeuza pembeni bonyeza kona kwa kidole gumba ili pindo lisilegee. Chane 7 za milimita 5 zinatoa ukili wa karibu sentimita 2 na nusu. Chane 11 zinafika sentimita 4, ambao ndio unaofaa mkeka. Kwa kuwa chane inakwenda mshazari, ya sentimita 40 inakupa ukili usiofika sentimita 30, kwa hiyo kuunga ni kila mara. Ikibaki vidole vinne, lalisha mpya juu ya kuukuu, ziende pamoja mivuko mitatu. Usiunge mbili zilizo jirani mahali pamoja, patavimba na baadaye patakatikia hapo.

Sasa tufike kwenye hoja yenyewe. Chukua chane moja ya rangi, tuseme nyekundu, uiingize kila siku unapoanza kusuka. Itakwenda kizigizaga mpaka iishe, na hapo utajua siku hiyo ilianzia wapi. Usifumue cha jana, isipokuwa kwa kosa moja tutakalolitaja mbele. Kunja ukili wako kama kawaida. Baada ya wiki utandaze sakafuni wote.

Utasomeka. Mahali ulipokaza kupita kiasi ukili umekuwa mwembamba na mgumu. Mara nyingi ni siku uliyokaa kusuka huku kichwani unagombana na mtu. Palipolegea ulikuwa na simu mapajani. Kuna mtu ambaye kila kiungo chake kina haraka, amelalisha chane mivuko miwili badala ya mitatu, na huyo ukimchunguza hata mazungumzo hayamalizi. Na kuna wa kinyume chake, ambaye hawezi kuvumilia doa: anafumua, anasuka, anafumua, magharibi inaingia ana shubiri moja. Sisi tunaona huyu wa pili ndiye anayehitaji ukili kuliko wote, na ndiye anayeacha mapema zaidi.

Huyo afundishwe kutofautisha makosa. Kosa la mvuko mmoja, ulipopita juu ilhali ilikuwa chini, linabaki pale pale. Ni kitobo kidogo, mkeka hautakufa. Kosa la kuangusha chane ukabaki na 6 ni jambo jingine: hesabu ya pande mbili imevunjika, na kila utakachosuka kuanzia hapo kitakwenda upande. Hilo fumua, hata kama ni nusu pima. Mtu akishazoea kujiuliza mbele ya kila kosa kama ni la kuachwa au la kurudiwa, na akajibu mwenyewe bila kumtazama mwenzake, hapo ameshajijua kiasi ambacho hakuna mzungumzaji wa ukumbini angempa.

Kuchagua rangi nako kunasema mengi. Wiki za mwanzo karibu kila mtu anaiga rangi za mkeka wa nyumbani kwao, na si vibaya. Lakini ikifika zamu yake ya kupanga, atashtuka anavyokwama. Hajawahi kuulizwa anapenda nini. Tunashauri apewe rangi mbili tu pamoja na ukindu mweupe, maana ukimpa sita atarudi kuiga.

Watakuja wanaume waseme hii ni kazi ya wanawake. Sawa. Wavuvi wa pwani hii wamesuka madema, mitego ya samaki, tangu zamani, mshazari ule ule wa fito, na aliyelegeza mdomo wa dema samaki wamemtoka. Anajua vizuri kazi ya mkono inavyomuumbua mtu. Na asiyetaka ukindu wala fito achukue daftari la kurasa 48 na kalamu ya wino, achore kikombe kile kile dakika 15 kila jioni, bila ufutio. Itafanya kazi. Ila karatasi inavumilia uongo zaidi: mchoro mbaya unafungwa ndani ya daftari, ukili mbaya unabaki mkononi unakungoja.

Tungeomba mambo mawili yaachwe. La kwanza ni kujifunza kwa video peke yake. Macho yakiwa kwenye kioo, vidole vinapoteza hesabu, unarudisha nyuma video mara kumi na chane zimekauka. Tafuta bi mkubwa mmoja mtaani kwako, mwamkie, mwombe ukae naye alasiri barazani. Hatakueleza sana. Atauchukua ukili wako, atafumua vidole viwili, atausuka taratibu, atakurudishia. La pili ni kumpeleka kwenye ukili mtu aliyezidiwa, asiyelala, asiyekula, anayetamka kutaka kufa. Huyo apelekwe hospitali, ukindu utamngoja.

Kuhusu kuuza, tuna msimamo ambao wengine hawaupendi. Ukili wa kwanza usiuze, wala mkeka utakaotoka humo. Ukishaanza kukadiria bei, mkono unamsikiliza mnunuzi: rangi anazozipenda yeye, upana anaoutaka yeye. Hakuna ubaya, ni riziki, lakini jipe kwanza mkeka mmoja ambao hakuna aliyeuagiza. Wa sentimita 180 kwa 90, kwa ukili wa sentimita 4, unataka vipande 23 vya urefu wa pima moja. Suka pima 25, maana kila mshono unakula milimita kadhaa na ncha zinakatwa.

Wa pili uza. Na ukipanga bei usihesabu ukindu na rangi tu kama wafanyavyo wengi, hesabu na kushona. Wanaofanya kazi hii wanajua kwamba kuunganisha pindo kwa pindo, sindano ikipita kila kona bila kuruka, kunachosha mgongo kuliko kusuka kwenyewe. Mshono uliorukwa hauonekani siku ya kuuza. Unafumuka mkeka ukishakaliwa mwezi mmoja, na mteja anarudi na mkeka wake kwapani.