Wastani wa umri wa wagonjwa haunisaidii kitu

Ripoti nyingi za hospitali huanza hivi: wastani wa umri wa wagonjwa ni miaka kadhaa, wanawake asilimia fulani, haya, tuingie kwenye magonjwa. Hiyo ya wastani mimi ningeifuta.

Chukua benchi moja la wagonjwa wa nje. Wamekaa saba: watoto wawili wa mwaka mmoja, mmoja wa miaka 2, mwingine 3, mama wa 31, mzee wa 60 na bibi wa 70. Jumlisha, gawa kwa saba, unapata 24. Nani hapo ana miaka ishirini na kitu? Hakuna. Wapange kwa umri, mchukue wa katikati: ana miaka 3. Angalau sasa unajua dawa za maji zitaisha mapema. Lakini hata mediani hiyo inamficha bibi na presha yake, ndiyo maana nadai makundi ya umri, kila kundi na idadi yake.

Tanzania makundi tunayo. Rejista ya MTUHA (mfumo wa serikali wa kukusanya taarifa za huduma za afya) ya wagonjwa wa nje inatenganisha chini ya mwezi 1, mwezi 1 hadi chini ya mwaka, mwaka 1 hadi chini ya miaka 5, miaka 5 hadi chini ya 60, kisha 60 na kuendelea. Ila hilo kundi la nne ni gunia. Mtoto wa darasa la kwanza mwenye minyoo na fundi wa miaka 58 mwenye kisukari wanaingia safu moja.

Halafu umri wenyewe. "Andika sitini tu, mwanangu," bibi anamwambia karani dirishani. Ukichora grafu, nguzo zinapanda kwenye 40, 50 na 60, katikati mabonde. Na msamaha wa kulipia matibabu kwa wazee wasiojiweza unaanzia 60, kwa hiyo nguzo hiyo hainishangazi.

Wanawake wakiwa wengi, uliza kwanza kama kliniki ya wajawazito imejumlishwa. Anayekuja kupima ujauzito haumwi. Uliza pia kama marudio yametengwa. Mzee wa miaka 65 anayefuata dawa za kisukari kila mwezi ni mahudhurio 12 kwa mwaka. Yasipotengwa, ripoti inaandika wagonjwa 12, wote wana miaka 65.