Kesi zinachelewa hata huku, ila mtu anasubiri akiwa kwake

Barua ya mahakama ilinikuta natoka shifti ya usiku. Naitwa kwenye juri, wale wananchi 12 wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia au hana. Nikajua wamekosea mtu, maana mimi bado natembea na pasipoti ya Tanzania. Kumbe Uingereza raia wa nchi za Jumuiya ya Madola anayeishi hapa kihalali anapiga kura, na akishakuwa kwenye daftari la wapiga kura na kuishi hapa miaka 5, anaitwa kama mwenyeji. Ukigoma bila sababu unapigwa faini. Fidia ya mshahara haizidi pauni 64.95 kwa siku kwa siku 10 za mwanzo, na kahawa ya mashine yao ni maji ya bomba yaliyotiwa rangi. Nilinuna, sitaki kudanganya.

Kesi yenyewe siisemi, kwa sababu kutoa nje mazungumzo ya chumba cha juri ni kosa la jinai. Nasema ya chumba cha kusubiria. Tulikaa asubuhi nzima, mchana akaja mtumishi wa mahakama kututangazia kwamba kesi haitaanza leo, turudi kesho. Mama mmoja wa Kiingereza pembeni yangu akalipuka: nchi imeoza, mahakama zimeoza, watu wanasubiri kesi zao miaka miwili! Na hajakosea, foleni ya Crown Court, mahakama ya kesi nzito, imepita kesi 70,000. Nikamuuliza, sasa hao wanaosubiri wako wapi? Hakuelewa swali. "Si wako kwao," akanijibu. "Wengi wako kwao."

Jamani, hapo ndipo iliponiuma.

Maana watu wa Dar mnaijua mahakama ya Kisutu. Karandinga, gari la mahabusu, linaingia kutoka gereza la Segerea, wamama wamejazana wanaita majina, mmoja ananyoosha shingo aone kama mwanawe amekonda. Ndani, wakili wa Serikali anasimama: mheshimiwa, shauri limekuja kwa kutajwa, upelelezi haujakamilika, tunaomba tarehe nyingine. Hakimu anaandika tarehe. Imeisha. Wiki mbili mbele, wimbo ule ule.

Mtoto wa mama yangu mdogo aliingia kwenye mashine hiyo kwa shtaka la wizi akiwa mtumishi. Dhamana ilikuwa wazi, hilo walilisema kwa sauti kabisa. Masharti: wadhamini wawili, wawe waajiriwa wa Serikali au taasisi inayotambulika, wawe na kitambulisho cha kazi, cha taifa (NIDA) na barua ya serikali ya mtaa. Sasa nitajie ukoo wetu: mama yake anauza chakula Buguruni, mjomba fundi cherehani, mimi niko Leicester, kaka mkubwa bodaboda. Wote wanampenda, wote wana anwani, wote wangemleta mahakamani kwa kumshika sikio. Hakuna hata mmoja aliyefaa. Kwa hiyo kijana akaenda ndani, na si kwa sababu hakimu alimwona hatari kwa yeyote. Alikosa shemeji mwalimu.

Najua mnachotaka kusema. "Umefika Ulaya juzi, umeshakuwa jaji." Sikieni basi ya upande wa pili. Kwa kila watu laki moja, Uingereza na Wales wanafunga kama 140. Marekani, hao walimu wa haki za binadamu, ni zaidi ya 500. Sisi hatufiki hata nusu ya Waingereza. Mzungu akinianza habari za Afrika na magereza, namtolea namba hizo na ananyamaza. Sizionei haya.

Tatizo ni nani yuko ndani. Kwa miaka mingi, karibu nusu ya waliojaa magerezani kwetu wamekuwa mahabusu, watu ambao hakuna hakimu aliyesema wana hatia. Huku ni kama mmoja kati ya 5. Na hao Waingereza si malaika, mahabusu wao wameongezeka sana miaka hii kwa sababu ya foleni hiyo hiyo. Lakini sheria yao ya dhamana ya 1976 inaanzia kwamba mtu apewe dhamana, anayepinga ndiye atoe sababu. Na anayenyimwa ana kikomo: siku 182 toka kesi ifike Crown Court hadi ianze kusikilizwa. Upande wa mashtaka ukitaka muda zaidi, umweleze jaji kwa nini, na uonyeshe kwamba haukulala. Majaji huongeza, ndiyo. Ila mtu lazima asimame ajieleze, na akishindwa kueleza, mshtakiwa anatoka kwa dhamana.

Kwetu kuna makosa ambayo hakimu hata nafasi ya kufikiri hana. Kifungu cha 148(5) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kimefunga mlango: mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha, ugaidi, utakatishaji fedha. Mei 2020 Mahakama Kuu ikasema kifungu hicho kinapingana na Katiba. Tukashangilia. Agosti, Mahakama ya Rufani ikakirudisha. Basi mwendesha mashtaka akichomeka shtaka moja la utakatishaji kwenye kesi ya pesa, dhamana imekwisha. Na toka 2019 tuna makubaliano ya kukiri kosa. Mtu kakaa ndani miaka, biashara imekufa, mke kahamia kwao, unamwambia ukikiri na kulipa unaenda nyumbani. Atakiri nini asikiri?

Mtu wa "mnataka majambazi waachiwe" naye namsikia anapasha koo. Bwana mkubwa, dhamana siyo kuachiwa huru. Kesi iko pale pale. Tena kama ushahidi upo, mbona hamuuleti?

Nakiri yaliyofanyika. Sheria ilirekebishwa 2022 ili kesi nyingi zisifikishwe mahakamani kabla upelelezi haujakamilika. Makosa makubwa yakaachwa nje, ambayo ndiyo yenyewe yasiyo na dhamana. Tume ya Haki Jinai ya Jaji Mkuu mstaafu Chande ilikabidhi ripoti yake kwa Rais Julai 2023. Vizuri. Lakini mwaka 2019 ilibidi Rais Magufuli aingie gereza la Butimba, Mwanza, mwenyewe, asikilize mahabusu, ndipo mashtaka yaanze kufutwa. Rais ana magereza mangapi ya kutembelea?

Halafu kuna hili ambalo Waingereza hawaniamini nikiwasimulia. Kila 9 Desemba, Siku ya Uhuru, msamaha wa Rais unatoka, wafungwa wanafungasha. Mahabusu wanabaki, kwa sababu huwezi kusamehewa kosa ambalo hujatiwa hatiani. Mwenye hatia anakula sikukuu kwao.

Wa "rudi nyumbani ujenge nchi" andikeni hapo chini, nimewazoea. Ila kabla hujaandika, taja ndugu zako wawili wenye ajira na kitambulisho cha kazi ambao kesho saa mbili asubuhi wataacha kazi waje Kisutu kwa ajili yako. Nitasoma majina nikitoka shifti.